Ua la Shaba na Tanuru za Kale katika Vilima vya Likasi

Mji wa Likasi, ulio wa pili kwa ukubwa katika jimbo la Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, baada ya Lubumbashi, umejengwa kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi, katikati ya miombo, yaani ule msitu mwepesi wa miti inayopukutisha majani wakati wa kiangazi na ambao umeenea kutoka Angola hadi kusini mwa Tanzania. Ndani ya msitu huo kuna vilima vilivyo uchi wa miti. Msitu hupanda mteremko, hufika mahali fulani, kisha hukoma ghafla kana kwamba umekatazwa kuendelea, na kutoka hapo hadi kileleni hubaki nyasi fupi, mawe yenye madoa ya kijani, na maua madogo ambayo baadhi yake hayaoti mahali pengine popote duniani. Sababu ni shaba iliyo ndani ya udongo. Kila mmea huhitaji shaba kidogo sana ili uishi, lakini ikizidi hudumaza mizizi na kuua mche kabla haujasimama. Na wakati udongo wa kawaida huwa na sehemu makumi machache tu za shaba katika kila sehemu milioni, udongo wa vilima hivi huweza kupita sehemu 10,000. Mti wa miombo hauwezi kustahimili kiasi hicho. Mimea michache inayoweza ndiyo iliyopewa na wataalamu jina la mimea ya shaba, na miongoni mwake iko ambayo watu wa madini na wa mimea wameiita, kwa mapenzi yasiyofichika, ua la shaba.

Jina hilo limetumika kwa mimea zaidi ya mmoja, na ni lazima ipambanuliwe mapema, kwa kuwa mchanganyiko wake umeleta makosa mengi. Wa kwanza ni *Haumaniastrum katangense*, mmea wa msimu mmoja, mwembamba, usiofika kiunoni mwa mtu, ambao huota mvua zinapoanza kukolea, huchanua vichwa vidogo vya maua ya zambarau mvua zinapokaribia kwisha, humwaga mbegu, kisha hukauka na kufa. Wa pili ni kichaka kifupi ambacho kwa muda mrefu kiliitwa *Becium homblei* na ambacho leo wataalamu wanakiweka chini ya jina la *Ocimum centraliafricanum*. Hiki huishi miaka mingi kwa sababu kina shina gumu lililojificha ardhini, na moto wa nyika unapopita na kuteketeza kila kilicho juu, chenyewe huchipua upya na kuchanua kabla hata nyasi hazijarudi. Yote miwili ni ya ukoo mmoja na mrehani, na huo wa pili umo kabisa katika jenasi ya mrehani na kivumbasi. Msomaji wa pwani anayeujua mrehani uliopandwa uani kwa ajili ya harufu yake, au kivumbasi kinachoota chenyewe pembezoni mwa shamba, angeitambua jamaa hiyo ya Katanga bila kufundishwa: shina lenye pembe nne linalohisika vizuri likiviringishwa kati ya vidole viwili, majani yanayokaa mawili mawili yakitazamana, na ua dogo lenye mdomo wa juu na mdomo wa chini.

Maandishi mengi yanayolitaja ua la shaba hulisifu kama kiongozi wa watafuta madini, kana kwamba ndilo lililowaambia wageni shaba iko wapi. Kwa Katanga, na hasa kwa vilima vya Likasi na Kambove, sifa hiyo haina msingi mkubwa. Shaba ya vilima hivyo ilikuwa imechimbwa, imeyeyushwa, imesafirishwa na kutumika kama fedha kwa karne nyingi kabla mtaalamu yeyote wa mimea hajakanyaga huko, na wageni waliokuja kuitafuta waliikuta kwa kuonyeshwa na watu na kwa kuyaona mashimo ya watu. Thamani ya ua hilo katika historia iko mahali pengine, na ili ionekane, sharti kwanza ielezwe kazi ya wale walioitwa wala shaba.

Jina la wala shaba lilitumika hasa kwa Basanga, wenyeji wa nchi ya Likasi, Kambove na vilima vya jirani, ambao katika lugha yao shaba huitwa mukuba. Kula shaba, kwa maana hiyo, ni kuishi kwa shaba: kuipata, kuiuza na kula kwa faida yake, kama vile mtu wa pwani anavyosema kwamba fulani anakula kwa jasho lake. Maelezo yaliyo kamili zaidi juu ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1926 na Jean-Félix de Hemptinne, mtawa wa Kibenedikto aliyekuja kuwa askofu wa Katanga, ambaye aliyapata kutoka kwa wazee waliokuwa wameifanya kwa mikono yao. Kutokana na maelezo hayo inajulikana kwamba uyeyushaji ulikuwa kazi ya kiangazi. Mtama ukishavunwa na kuwekwa ghalani, mnamo mwezi wa Mei, kiongozi aliyekuwa na mamlaka juu ya kazi hiyo aliita watu, vijiji vikahamia karibu na machimbo, na kambi ikajengwa ambamo kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Wanawake na watoto waliokota malakaiti, yaani lile jiwe la kijani ambalo ndilo shaba iliyokwisha kuungana na hewa na maji, juu ya ardhi na katika vifusi. Wanaume waliingia mashimoni na sululu za chuma kuifuata miamba iliyokuwa na utajiri zaidi. Mawe yaliyopatikana yalioshwa katika vijito, yakachaguliwa kwa jicho, yakapondwa, huku kundi jingine likikata miti na kuchoma makaa, au makala kama wasemavyo watu wa Likasi hadi leo.

Tanuru yenyewe ilijengwa kwa udongo wa kichuguu. Hapakuwa na chaguo bora zaidi katika nchi hiyo, kwa kuwa udongo uliokwisha kusagwa na kushikamanishwa na mchwa hustahimili moto bila kupasuka, na vichuguu vya Katanga, ambavyo vingine ni virefu kuliko nyumba, hutoa udongo huo bila kikomo. Mirija ya udongo iliingizwa chini ya tanuru, na nyuma ya kila mrija palikaa mtu wa mivukuto, yaani ile mifuko ya ngozi inayopulizwa ili hewa iende motoni mfululizo. Makaa yalitangulia, mawe yakafuata, makaa tena, na wahunzi wakaendelea kupuliza kwa zamu, huku mwali ulioilamba shaba ukigeuka rangi ya kijani. Mizimu ya wazee waliotangulia katika kazi iliombwa kabla moto haujawashwa, kwa kuwa tanuru ikikataa kutoa shaba, jasho la siku nyingi hupotea kwa saa chache. Shaba iliyoyeyuka ilikusanyika chini. Na baadaye iliyeyushwa tena na kumwagwa katika vibia vilivyochorwa kwa umbo la msalaba.

Misalaba hiyo haikuwa na uhusiano wowote na dini ya Kikristo. Ilikuwa mali, na kwa watu wengi ilikuwa fedha. Katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba kaskazini mwa Katanga, ambayo yalianza kufukuliwa na wanaakiolojia mwaka 1957, misalaba ya shaba ilikutwa imelazwa juu ya vifua na mikononi mwa wafu. Na Pierre de Maret, aliyeyachunguza baadaye makaburi ya bonde hilo, alionyesha jinsi misalaba ya zamani ilivyokuwa michache na mikubwa, na jinsi kuanzia kiasi cha karne ya 13 ilivyozidi kuwa midogo, mingi, na yenye kufanana, jambo linaloonyesha kitu cha heshima kikigeuka taratibu kuwa sarafu ya kuhesabiwa. Bonde hilo halina shaba yake lenyewe. Shaba hiyo ilitoka kusini, kwenye ukanda wa vilima ambamo Likasi imo. Kuyeyusha kwenyewe ni kwa zamani zaidi, kwa kuwa tanuru zilizochimbuliwa Naviundu, karibu na Lubumbashi, zimekadiriwa kuwa za karne ya 4 au ya 5.

Katika karne ya 19 biashara hiyo ilipata bwana mpya. Msiri, mtoto wa wafanyabiashara wa Usumbwa katika nchi ambayo leo ni magharibi mwa Tanzania, alifika Katanga akifuata shaba na pembe, akajenga mji wake Bunkeya, na wafuasi wake wakaitwa Bayeke. Wahunzi wa Bayeke walileta ufundi wa kuivuta shaba kuwa nyaya nyembamba, ambazo zilisokotwa kuwa bangili na mapambo ya miguu na kusafiri mbali pamoja na misafara. Kwa njia hiyohiyo Kiswahili kilishika mizizi Katanga: kilikuja na msafara kabla hakijaja na shule. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, na katika mwaka uliofuata Jules Cornet, mwanajiolojia wa msafara wa Bia na Francqui, alipita katika vilima vya shaba na kuandika juu ya utajiri wao. Maandishi ya Cornet, pamoja na taarifa za George Grey, aliyeongoza misafara ya kampuni ya Tanganyika Concessions ya Robert Williams kuanzia mwaka 1899, ndiyo yaliyouweka utajiri huo mbele ya wenye mitaji wa Ulaya. Pale Kambove, Grey na wenzake walikuta machimbo ya wenyeji yaliyokuwa makubwa kiasi kwamba hapakuwa na haja ya ishara nyingine yoyote. Kilima kisicho na miti kilionekana kwa mbali, shimo lilionekana kwa karibu, na mwenyeji aliyejua jina la mahali alikuwa hapohapo. Neno kugundua, ambalo vitabu vya kampuni vimelirudia mara nyingi, halistahili kutumika kwa tendo hilo.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi na yanaweza kuelezwa kwa ufupi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika Kambove mwaka 1913. Kiwanda cha kuchambua mawe kilianza Panda mwaka 1921, na kile cha Shituru, kinachosafisha shaba kwa nguvu ya umeme ndani ya maji yenye tindikali, mwaka 1929. Makazi yaliyokua kuzunguka viwanda hivyo yaliitwa Jadotville kwa heshima ya mhandisi Jean Jadot, hadi mwaka 1966 jina la Likasi liliporudishwa. Kilomita 20 hivi kutoka mjini ndipo ulipo mgodi wa Shinkolobwe, ambao urani yake ilitumika katika mabomu ya atomiki ya mwaka 1945. Mgodi wa Likasi wenyewe umeacha jina lake hata katika elimu ya mawe, kwa kuwa mwaka 1955 madini adimu ya shaba yenye rangi ya bluu, yaliyopatikana huko, yaliitwa likasaiti. Nalo neno la Kiswahili lilipanda cheo: kuanzia mwaka 1971 hadi 1997 mkoa wote wa Katanga uliitwa Shaba, kwa neno lilelile ambalo mama wa Mombasa hulitumia kwa sinia lake.

Wataalamu wa mimea walifika kwa hatua zao wenyewe, polepole. Mimea iliyokusanywa na ofisa wa kijeshi Edgard Verdick ilipelekwa Brussels, na kuanzia mwaka 1902 Émile De Wildeman akaanza kuchapisha uchunguzi wake juu ya mimea ya Katanga; jina la *homblei* lenyewe linamkumbuka Homblé, Mbelgiji mmoja aliyekusanya mimea huko. Hata hivyo, kwa miaka mingi mimea hiyo ilihesabiwa kama mimea tu, bila kuulizwa ilikuwa inafanya nini juu ya udongo wenye sumu. Swali hilo liliulizwa waziwazi na Walter Robyns katika andiko lake la mwaka 1932 juu ya mimea ya mashamba ya shaba ya Katanga ya Juu, na lilipata jibu la kwanza la kina kutoka kwa Paul Duvigneaud wa Chuo Kikuu Huria cha Brussels, ambaye mwaka 1958 alichapisha kazi yake juu ya uoto wa Katanga na udongo wake wenye metali. Duvigneaud hakuridhika kuorodhesha majina. Alikitazama kilima kimoja kama mtu anavyotazama nyumba yenye vyumba, akaonyesha kwamba nyasi fulani hukaa juu ya miamba yenyewe, maua fulani hukaa mteremkoni ambako udongo umeoshwa na mvua, na mengine chini kabisa ambako sumu imepungua. Na akagundua kwamba iko pia mimea inayofuata kobalti, ile metali inayoambatana na shaba katika mawe ya Katanga, kama *Crotalaria cobalticola* yenye maua ya manjano, ambayo ni jamaa ya marejea yanayorutubisha mashamba ya Afrika Mashariki. Majina ya Kilatini ya mimea hiyo yanasema wazi: *cobalticola* ni mkaaji wa kobalti, na *Acalypha cupricola*, kichaka kidogo cha vilima hivyohivyo, ni mkaaji wa shaba.

Katanga haikuwa peke yake katika jambo hili, na mfano ulio karibu nayo zaidi kielimu uko mbali sana kijiografia, huko Australia. Mwaka 1897, Sydney Skertchly alieleza jinsi mmea mdogo wa Queensland uitwao *Polycarpaea spirostylis* ulivyofuata ardhi yenye shaba, na maelezo yake ni miongoni mwa ya kwanza duniani kuuhusisha mmea na shaba iliyo chini yake kwa njia ya kisayansi. Miaka 75 baadaye, katika Australia Magharibi, kichaka cha asili cha huko kiitwacho *Hybanthus floribundus*, chenye maua ya rangi ya bluu iliyopauka na chenye udugu na viola, kilikutwa kimejaza nikeli ndani ya majani yake hadi kiasi cha asilimia 1 ya uzito wa majani makavu. Mmoja wa wawili waliotangaza habari hiyo mwaka 1972 alikuwa Robert Brooks wa Chuo Kikuu cha Massey, New Zealand. Yeye na wenzake ndio walioeneza istilahi ya mmea mlimbikizaji, yaani mmea ambao, badala ya kuizuia metali isiingie, huivuta na kuihifadhi kwa wingi usio wa kawaida. Na ni swali lililozaliwa kwenye vichaka vya Australia lililomleta Brooks Katanga, ambako alishirikiana na François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi Lubumbashi na kuzijua nyika za huko kama mtu anavyojua uani kwake. Mwaka 1978 walitangaza katika jarida la *Science* kwamba mmea mmoja wa ukoo wa mrehani kutoka Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, *Aeolanthus biformifolius*, ulikuwa mlimbikizaji wa shaba.

Sayansi hiyo baadaye ilijisahihisha yenyewe, na marekebisho yake ni muhimu kwa historia. Kuhusu kile kichaka cha *Becium homblei*, ambacho watafuta madini wa upande wa Zambia walikitumia sana katika miaka ya 1950 kwa imani kwamba hakioti ila penye shaba, uchunguzi wa Clive Howard-Williams uliochapishwa mwaka 1970 ulionyesha kwamba kinaota pia katika udongo wa kawaida, na kwamba kilicho cha pekee ni ustahimilivu wake, si utegemezi wake. Kuhusu viwango vikubwa vya shaba na kobalti vilivyoripotiwa ndani ya majani, Michel-Pierre Faucon na wenzake, akiwemo Mylor Ngoy Shutcha wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walionyesha mwaka 2007 kwamba sehemu ya metali iliyopimwa ilikuwa ni vumbi lililoganda juu ya jani na wala halikuwa ndani yake. Jani lenye vinyweleo, likikua mita chache kutoka kwenye jiwe la malakaiti lililosagika, hubeba vumbi hilo kama nguo inavyobeba unga kinuni, na kulisuuza kwa maji peke yake hakutoshi kuliondoa. Kwa hiyo ua la shaba, kama kiongozi wa mtafuta madini, lilisifiwa kuliko lilivyostahili, Katanga na kwingineko.

Sifa yake ya kweli ilipatikana pale watu walipoacha kulitafuta vilimani na kuanza kujiuliza kwa nini lilikuwa linaota mahali pasipo na kilima. *Haumaniastrum katangense* lilionekana tambarare, ndani ya miombo, karibu na vijito na vichuguu, katika vipande vidogo vya ardhi vilivyozungukwa na msitu pande zote, ambako chini yake hapakuwa na mwamba wowote wa shaba. Jibu lilikuwa la kihistoria. Mahali palipojengwa tanuru ya kale, mawe yalimwagwa na kupondwa, vumbi lake likakanyagwa, majivu yakatupwa, na mavi ya shaba, yaani ile takataka ngumu iliyoganda baada ya shaba kutengana na jiwe, yakalundikwa pembeni. Wahunzi walipaacha mahali hapo, mvua haikuiondoa shaba. Ilibaki katika tabaka la juu la udongo, ikiwa nyingi mno kwa mche wa mti, na isiyodhuru mbegu ya ua hilo. Msitu ukarudi kila upande isipokuwa hapo. De Plaen, Malaisse na Brooks walieleza jambo hilo mwaka 1982, wakionyesha jinsi ua la shaba lilivyoweza kumwongoza mwanaakiolojia hadi kwenye tanuru ambazo hakuna mtu aliyekuwa akizikumbuka. Mtafiti aliyechimba chini ya shada la maua ya zambarau alikuta vipande vya mirija ya mivukuto, udongo wa kichuguu ulioiva kwa moto na kugeuka mwekundu, na matone ya shaba iliyochomoka wakati wa kumimina.

Uhusiano huo unastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa unageuza mambo yalivyozoeleka kuelezwa. Wala shaba hawakuacha maandishi. Majina ya viongozi wa tanuru zao yamehifadhiwa machache tu, na mashimo yao makubwa, ambayo yangeweza kupimwa na kuchorwa, yalimezwa na migodi ya kampuni iliyoanzishwa juu yake hasa, kwa sababu kampuni ilichimba palepale walipochimba wao. Tanuru, kwa upande wake, haikujengwa juu ya mwamba wa shaba, bali palipo na maji, kichuguu na miti ya makaa, na hivyo mara nyingi ilinusurika kuchimbuliwa. Mmea wa msimu mmoja, unaokufa kila mwaka na kupandwa upya na mbegu zake wenyewe, umeilinda anwani ya tanuru hiyo kwa vizazi vingi, vikiwemo vizazi ambavyo shule ilivifundisha kwamba historia ya shaba ya Katanga ilianza mwaka 1906. Wakati Katanga ilipojitenga mwaka 1960 na kuweka misalaba mitatu ya shaba katika bendera yake, ilikuwa inatumia alama ya ufundi ambao mahali pake pa kazi palikuwa pamefunikwa na nyasi, na alama pekee iliyokuwa hai juu yake lilikuwa ua.

Leo mimea ya shaba ya Katanga imo hatarini kwa namna isiyo sawa. Orodha iliyochapishwa mwaka 2010 na Faucon na wenzake ilihesabu aina zipatazo 32 ambazo haziishi popote isipokuwa katika udongo wenye shaba na kobalti wa ukanda huo, na nyingi kati yake ziko karibu kutoweka, kwa kuwa kilima kinapoondolewa chote ili kifike kiwandani, hakibaki chumba chochote kati ya vile vyumba alivyovieleza Duvigneaud. Baadhi ya kampuni na vyuo vikuu vimejaribu kuhamisha udongo pamoja na mimea yake, na katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi nyasi ya vilimani iitwayo *Microchloa altera* imejaribiwa ili kufunika ardhi iliyounguzwa na moshi wa kiwanda. *Haumaniastrum katangense*, kinyume cha ndugu zake, halina wasiwasi wa kukosa makao. Malaisse na Brooks waliandika mwaka huohuo wa 1982 jinsi linavyovamia ardhi iliyochafuliwa na kazi ya watu, na tangu Kanuni ya Madini ya mwaka 2002 iruhusu uchimbaji wa mikono, ardhi ya namna hiyo imeongezeka kila upande: mawe hupakiwa katika magunia, huoshwa katika vijito, huhifadhiwa nyuma ya nyumba, na kudondoka kutoka kwenye malori kati ya Kambove, Likasi na Lubumbashi.

Ongezeko hilo ndilo linaloutia giza ushahidi wake. Ua hilo lilisomeka kama alama ya tanuru kwa sababu, kwa karne nyingi, hapakuwa na mwingine aliyebeba jiwe la shaba na kulimwaga mbali na kilima isipokuwa mhunzi. Sasa shada la maua ya zambarau mwishoni mwa mvua laweza kuwa juu ya tanuru ya Basanga ya karne zilizopita, au juu ya mahali ambapo gunia lilipasuka misimu michache tu iliyopita, na anayelitazama kwa juu hawezi kupambanua. Kinachopambanua kiko chini ya mizizi, katika rangi ya udongo ulioiva na katika vipande vya mirija; na mashada yaliyo ndani ya miombo, mbali na barabara, ambayo bado hayajachanganywa na mapya, yanapungua kadiri msitu unaokatwa kwa ajili ya makala unavyorudi nyuma kutoka Likasi.